Tanga la upepo wa nyuma kwa katamarani, tuko wawili tu kwa boti, nichukue gani?

DungaMbili, Kisumu
Wadau habari za jioni. Niko na katamarani (boti ya mitumbwi miwili iliyounganishwa) ya futi 32 na tunaisafirisha mimi na mama watoto peke yetu, hakuna mfanyakazi. Asubuhi tunatoka Kisumu na upepo wa nchi kavu unatusukuma kwenda magharibi, mchana ule wa ziwa unaingia kutoka magharibi na tukigeuka kurudi nyumbani uko nyuma kabisa. Shida ni kwamba tanga kubwa likifunguliwa linasugua zile waya za mlingoti na la mbele linalala tu kwa kivuli chake, tunatembea polepole mpaka jua linatuzamia njiani. Kuna mtu Pwani anauza spinaka ya kawaida, lile tanga jepesi la mbele la kujaa kama puto, pande zote sawa, na jenaka moja, ile ya pande zisizo sawa, zote ziko na soksi (mfuko mrefu unaovutwa chini kulifunika tanga). Niulize nini kabla nitume pesa? Mwezi uliopita tuliazima spinaka ya mtu, saa kumi upepo ukazidi, kushusha ikatushinda na mama akachomwa kiganja na kamba. Sitaki irudie.

Jasiaya_Kilifi
Pole sana kwa shemeji. Mimi ni wa Siaya lakini nafanya kazi kwa boti za matanga huku Kilifi, na kitu cha kwanza ningekuambia ni hivi, chagua lile unaweza kushusha peke yako mama akiwa ameshika usukani, spidi baadaye.

Kwa upepo wa nyuma kabisa spinaka ya kawaida inafaa sana kwa katamarani sababu boti ni pana. Huhitaji ile boriti ya kusukuma tanga nje, unafunga kona moja ya chini kwa omo ya kushoto na nyingine omo ya kulia (huku Pwani omo ndio mbele ya boti), halafu demani mbili (kamba za kuongoza tanga) zinarudi nyuma. Tanga kubwa unalishusha kabisa, nguvu yote inavuta kutoka mbele na hata otopailoti haihangaiki. Upepo ukienda upande kidogo unavuta kona ya upande wa upepo na kulegeza ile nyingine. Jenaka nayo inapenda upepo wa ubavu wa nyuma, ukienda nayo moja kwa moja inaanza kupigapiga, itabidi uende zigizaga kwa hiyo ghuba yenu, na kila kugeuza ni kazi. Tukiwa wachache sisi hatugeuzi ikiwa wazi, tunaivuta kwa soksi, tunahamisha kamba, tunafungua tena.

Sasa hapo pa kuwachoma. Katamarani hailali upande kama boti ya mtumbwi mmoja, kwa hivyo haikuonyi. Upepo wa kweli, ule ungeupata boti ikiwa imesimama, ni noti 16 (noti ni maili ya baharini kwa saa), wewe unakimbia 7 mbele yake, kwa boti unasikia 9 tu na unaona mambo ni matamu. Ukipinda ubavuni kidogo tu unapata 17 na zaidi, na nguvu kwa tanga inakuwa karibu mara nne. Kwa hivyo andika namba yako ya mwisho ya upepo kwa ukuta kabla hujatoka na ikifika shusha, hata kama tanga limekaa vizuri. Wakati wa kushusha rudi upepo uwe nyuma kabisa, legeza demani mpaka tanga life, ndio uvute soksi. Kamba ya soksi ipite kwa kapi iliyofungwa kwa sakafu ya boti, wewe ukae chini, usivute ukisimama, na usizungushe kamba kwa mkono hata kidogo. Soksi ikifika chini kabisa ndio unashusha lote.

nyota_ya_Usenge
Huyo wa Kilifi ameongea poa lakini bahari si ziwa. Mchana unaporudi Kisumu na upepo wa magharibi mgongoni angalia juu ya milima ya Nandi. Ukiona wingu jeusi huko ile mvua inakuja kwako kutoka mashariki, upepo wako unakufa ghafla halafu unapigwa usoni, na tanga kama hilo likipigwa kutoka mbele linajisokota kwa mlingoti na hakuna soksi itavuta. Ukishaliona tu shusha. Kitu ingine ni nyavu, ukiwa na spinaka huwezi kusimama wala kukata kona haraka, na gugumaji likishika usukani ndio mwisho wa mchezo. Sisi na babangu tanga lilishushwa kabla giza, tena kabla wavuvi wa omena hawajawasha taa.

Turubai_Nakuru
Mimi nashona turubai na nimetengeneza matanga kadhaa ya Naivasha. Uliza nailoni ya tanga ni uzito wa aunsi ngapi, 0.75 ni nyepesi na inajaa kwa upepo kidogo, 1.5 inavumilia zaidi. Umwambie akutumie video akivuta kitambaa kwa vidole karibu na kona ya juu, jua linakula nailoni na rangi inaweza kuwa bado nzuri na kitambaa kimeoza. Halafu wewe ukimaliza rudisha kwa begi, usiache ikining'inia hapo Dunga siku nzima.

DungaMbili
Asanteni sana, nimemsomea mama yote na hiyo ya kamba kuzungushwa mkononi ndivyo ilikuwa, alizungusha mara mbili. Nimeamua spinaka ya kawaida. @Jasiaya_Kilifi namba gani nzuri tuanze nayo?

Jasiaya_Kilifi
Kwa watu wawili wanaojifunza anza na noti 10 za upepo wa kweli, si ule unaousikia kwa boti. Na siku ya kwanza mfanye asubuhi na mapema upepo ukiwa mdogo, mpandishe na kushusha mara tano sita bila kwenda popote, mkibadilishana, mama naye avute soksi.