Mrejesho: Kutambua vigeu katika majaribio ya sayansi

Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu nilipouliza jinsi ya kuwasaidia wanafunzi wanaochanganya kigeu huru (kile tunachokibadilisha kwa makusudi) na kigeu tegemezi (kile tunachokipima ili kuona matokeo). Nimefuata ushauri wa kuwauliza maswali matatu kabla hawajagusa kifaa chochote: tunabadilisha nini kwa makusudi, tunapima nini, na nini lazima kibaki vilevile?

Jaribio mlilopendekeza la uzito unaobembea kwenye uzi ndilo lililofaa zaidi, kwa sababu uzi ulipokuwa na urefu wa sentimita 25, mibembeo 10 ilichukua takriban sekunde 10, na ulipofikishwa sentimita 100 ilichukua takriban sekunde 20, hivyo wanafunzi wakaona wenyewe kwamba urefu ndio kigeu huru na muda ndio kigeu tegemezi. Baadhi walipotaka kubadilisha urefu na uzito kwa pamoja, ulizuka mjadala (nilifurahi mno kuusikia) uliowaelewesha kuliko maelezo yangu kwa nini hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kukariri fasili hakukusaidia. Aidha, katika jaribio la mbolea na ukuaji wa miche, wapo ambao bado wanachanganya vigeu vinavyodhibitiwa, yaani vile vinavyobaki vilevile, kama vile kiasi cha maji na mwanga, na kundi la ulinganisho, yaani miche isiyopewa mbolea. Kwa hao, sasa ninawataka waandike jedwali la jaribio zima kabla ya kupanda, na wameanza kutofautisha.