Mtoto kapata 85, mwalimu kaweka kosa. Hivi kujumlisha siku hizi kunafundishwaje?

Wakuu, mnivumilie nikifoka, hili jambo limenikaba kooni tangu jana jioni.

Binti yangu yuko darasa la pili. Karudi na daftari la Hisabati, swali ni 47 + 38. Pembeni kaandika 40 + 30 = 70, halafu 7 + 8 = 15, jibu 85. Kawekewa kosa la wino mwekundu mpaka karatasi imetoboka, na chini yake: "HUJABEBA. RUDIA." Sasa mwalimu alitaka ngapi? 84 na nusu?

Nikampigia, kwa adabu kabisa. Jibu: "Mzazi, akianzia kushoto amekosea, sisi tunafuata njia." Amekosea nini? Tunaanzia kwenye mamoja kwa sababu ya unafuu tu. Ukianzia kwenye makumi utaandika 7, halafu mamoja yakizidi tisa itabidi urudi ufute uandike 8. Ni kuokoa ufutio, basi. Mtoto aliyeweka 70 yake pembeni ikasubiri 15 hajavunja sheria yoyote ya hesabu.

Na hapo ndipo hasira zilipopanda. Nikawaita watoto wawili wa jirani, darasa hilohilo, wote wana vema kwenye swali hilo. Saba na nane? Wakaitikia kwa wimbo: "Kumi na tano, andika tano, beba moja!" Haya, hiyo moja ni moja ya nini? Kimya. Wakatazamana. Mmoja akajikaza: "Ni ya kubeba."

Ya kubeba! Jamani, ni kumi hiyo! Mamoja kumi yamekusanyika, yamekuwa fungu moja la kumi, fungu limehamia kwa mafungu wenzake. Hakuna kingine pale. Na hawa ndio waliopewa vema.

Kinachoudhi zaidi, mwanzo wa muhula tuliagizwa kila mtoto apeleke vijiti vya kuhesabia. Tukapeleka. Binti anasema viko kwenye boksi nyuma ya mlango, havijaguswa. Basi nikachukua njiti za kiberiti, nikamwaga mkekani: mafungu manne na njiti saba upande huu, mafungu matatu na njiti nane upande ule. Nikawaambia changanyeni, zikifika kumi fungeni na uzi. Wakafunga fungu jipya, zikabaki tano. Yule wa "ya kubeba" akalinyanyua fungu: "Kumbe ile moja ndiyo hili!" Ugali ulikuwa bado haujaiva.

Msiniambie ni jambo dogo, atajua mbele ya safari. Mbele ya safari ipi? Mpe huyo mwimbaji 28 + 39 + 47. Mamoja yanakuja 24. Atabeba moja, maana ndivyo wimbo unavyosema, atakuletea 104, kumbe ni 114. Mpe saa 1 dakika 45 ujumlishe saa 1 dakika 30. Dakika zinakuja 75, na hapo kinachohama ni 60, si kumi, jibu ni saa 3 na dakika 15. Aliyekariri kubeba bila kujua anabeba nini anaachia saa 2 dakika 75 anaona kamaliza. Kwenye kutoa ndiyo usiseme, "kopa moja kwa jirani". Amekopa kumi, nyie! Halafu mtoto akifika madarasa ya juu anaambiwa Hisabati si kipaji chake.

Najua mtakuja na msongamano. Nakubali, darasa limefurika, wengine wanakaa chini, na mwalimu anasahihisha madaftari mpaka usiku. Simwonei wivu. Lakini kuuliza "moja ya nini?" kunahitaji dawati? Na kama muda ni mchache, huo wa kumwandikia mtoto aliyepata kwamba arudie unatoka wapi?

Walimu mliomo humu, njooni mnijibu hili moja: mtaala unasema mtoto aelewe kujumlisha, au unasema aweke kale ka-moja juu ya makumi? Maana kesho naenda shuleni na daftari, na nikifika nataka vema ya mwanangu, sitaki maelezo.

Na wale wa "mhamishie ingilishi midiamu", kaeni kwa kutulia. Mtoto wa dada yangu yuko huko, ada inalipwa kwa mamilioni. Nilimuuliza swali lilelile. Wimbo ni uleule, tofauti yake anauimba kwa Kiingereza.