Kijana aliyechelewa kuanza anaweza kuwa mlinzi katika soka ya Kimarekani?

Mjomba wa Barani (Malindi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina mpwa wangu hapa Malindi, kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne, mrefu, mzito na mwenye mbio. Amecheza raga shuleni, na sasa hana mazungumzo mengine ila kwenda Marekani kuwa mmoja wa wale walinzi wa safu ya mbele wanaomkimbilia mrushaji ili wamwangushe kabla hajautoa mpira. Dada yangu, ambaye ndiye mamake, amenitaka ushauri, nami sipendi kumvunja moyo kijana wala kumpa matumaini ya bure. Naomba mwenye kuujua mchezo huu anieleze: aliyechelewa kuanza hupita njia gani, na akishafika, kazi yenyewe hudumu muda gani?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mtu wa kumtazama ni Ezekiel Ansah, mzaliwa wa Accra nchini Ghana. Mwaka 2008 alikwenda Utah kusoma katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, akajaribu mpira wa kikapu asichukuliwe, akaingia katika riadha, na ni mwaka 2010 tu, akiwa na miaka 21, ndipo alipojiunga na timu ya soka ya Kimarekani bila ya kuitwa na mtu. Hata mapedi ya mabegani ilibidi aonyeshwe yanavyovaliwa. Aprili 2013 klabu ya Detroit Lions ilimteua akiwa wa 5 miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi nzima, na katika msimu wa 2015 aliwaangusha warushaji mara 14.5, hiyo nusu hupatikana pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu kwa pamoja.

Lakini mpwa wako autazame na mwisho wake. Bega liliumia mwaka 2018, akahamia Seattle Seahawks mwaka uliofuata, na mwaka 2020, akiwa na San Francisco 49ers, msuli wa mkono ulichanika, asirudi tena uwanjani. Hiyo ni misimu 8, na huyo ni miongoni mwa waliobahatika, kwani chama cha wachezaji kimekuwa kikieleza kwa miaka mingi kwamba wastani wa kudumu katika ligi hiyo ni zaidi kidogo ya misimu 3.

Raga Pwani (Malindi)

Kwa kuwa kijana anatoka katika raga, kisa cha Mkenya mwenzetu Daniel Adongo kinamhusu zaidi. Alikuwa amecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 alisajiliwa na Indianapolis Colts akiwa hajawahi kuucheza mchezo huo hata mara moja. Desemba ya mwaka huo huo aliingia uwanjani, jambo ambalo kwangu ni kubwa mno. Hata hivyo, ingawa aliandikwa kuwa mlinzi wa safu ya pili, alitumika zaidi katika vikosi vya mipira ya mateke, na mwaka 2015 aliachwa.

Sababu yake mimi naiona hivi. Katika raga ni kosa kumzuia mtu asiye na mpira, kwa hivyo mchezaji wetu hukua bila ya kupambana na mtu wa kumzuia, ilhali kwa mlinzi wa Kimarekani mapambano hayo ndiyo kazi yenyewe. Huinama vidole vya mkono mmoja vikigusa nyasi na macho yakiwa juu ya mpira, hayamfuati mtu anayemkabili wala sauti za upande wa pili, ambazo hutolewa makusudi ili aruke mapema na timu yake iadhibiwe. Mpira ukitikisika ana sekunde 2 au 3 tu, na mbele yake yuko jitu la kilo 140 linalotaka kumwekea viganja kifuani. Ajuaye huvipangua viganja hivyo kwa mkono, huinamisha bega la ndani na kulizunguka jitu kwa nje kabla halijageuka. Mbio na ushujaa kijana anavyo tayari. Mikono hiyo ndiyo inayochukua miaka kufundishika.

Muuguzi wa Mkomani (Lamu)

Kaka yangu, wenzangu wametaja bega na mkono, nami naongeza kichwa. Junior Seau, mlinzi wa safu ya pili aliyecheza misimu 20, alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 43, na uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha ule ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Ugonjwa huo bado huthibitishwa baada ya kifo tu, kwa hivyo mamake kijana asitegemee kwamba kuna kipimo kitakachomwonya mapema. Ana haki ya kulijua jambo hili kabla ya kutoa radhi yake.

Mjomba wa Barani (Malindi)

Nawashukuru sana. Nimemsomea dada yangu majibu yote, na la muuguzi ameniomba nilirudie. Tumekubaliana kijana aombe nafasi ya chuo kwanza, kama alivyoanza Ansah. Raga Pwani, je, unaweza kumwona jioni uwanjani na kumwanzishia mazoezi ya mikono?

Raga Pwani (Malindi)

Na aje Jumamosi baada ya alasiri, pamoja na mamake akipenda.