Mtoto wa la tatu amemchoma mwenzake na kompa: fimbo irudi primeri au hapana?

Mwalimu wa la tatu (Katuba)
Jambo yenu wote. Nafundisha darasa la tatu hapa Katuba, Lubumbashi, Congo. Watoto 94, madawati 22. Wanabanana wanne wanne, na sita wanakaa chini kwa zamu. Juma lililopita mvulana mmoja alimchoma mwenzake pajani kwa ncha ya kompa, ile ya kuchorea duara, mimi nikiwa nimegeukia ubao. Damu ilikuwa kidogo, kilio kilifika hadi la sita.

Direkteri wetu alishatuonya mwanzoni mwa mwaka: fimbo basi, hata rula basi, atakayepiga atajieleza mwenyewe polisi. Basi sikupiga. Nilimpeleka mkosaji kwenye ndoo, nikamwambia amwoshe mwenzake kidonda na ashikilie kitambaa mpaka damu ikauke. Mikono yake ilitetemeka kuliko ya yule aliyechomwa. Kisha nikamhamishia mbele karibu na ubao, na kompa zote nikazikusanya.

Kesho yake mama wa aliyechomwa alikuwa mlangoni kabla ya kengele: "Mwanangu ametoka damu, wewe unaoshaosha tu? Mpige nione." Saa nne akafika mama wa mwingine: "Ukimgusa wangu, tutaonana." Niambieni ukweli. Fimbo irudi? Na kama isirudi, mimi na watoto 94 nifanyeje?

Baba wa Ruashi
Mwalimu, hiyo uliyofanya ni kazi ya muuguzi. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wangu wa la tano alikuwa anasema "kusanya vidole", unakusanya ncha zote tano zitazame juu, anashusha rula ya mbao kwa ukingo wake. Mpaka leo kuzidisha kwa nane ninakujua hata ukiniamsha usiku. Shida imeanza 2019, masomo yalipokuwa ya bure. Kitu cha bure hakina mwenyewe. Wazazi wa bure wanaleta watoto wasio na malezi, halafu mwalimu abebe mzigo.

Kijana wa Kamalondo
Si kuna sheria ya kumlinda mtoto, nadhani ya 2006? Mjadala wa nini tena?

Mama wa makala
Baba wa Ruashi, "wazazi wa bure" ni nani? Nijibu. Mimi nauza makala, yaani mkaa, watoto wangu watatu wako primeri ya serikali, silipi. Mimi ni wa bure?

Nikukumbushe ilivyokuwa kabla ya 2019. Mwanangu wa kwanza alikuwa la nne. Kila mwisho wa mwezi direkteri anaingia na daftari, anasoma majina ya wale ambao wazazi wao hawajatoa prime, ile pesa ya wazazi ya kuwaongezea walimu. Wanasimama, wanatoka. Mwanangu alikuwa anaijua ile siku. Asubuhi yake anafunga viatu polepole, anafungua, anafunga tena. Mara tatu kwa mwaka mmoja alikaa nyumbani wenzake wakifanya mtihani. Hakuchoma mtu. Hakutukana mtu. Alifukuzwa kwa sababu ya mfuko wangu. Adhabu ile ilikuwa kali kuliko rula yako, na siku zile sikumsikia mtu akilia kwamba nidhamu imepotea.

Mwenye sheria (Kampemba)
Kamalondo, 2006 ni Katiba. Kifungu cha 43 kinasema elimu ya primeri ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Sheria ya kumlinda mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009. Na Baba wa Ruashi aelewe kwamba bure haikuzuka 2019. Iliandikwa 2006, watoto wakaingojea miaka 13.

Baba wa Ruashi
Mama, makala sikuyataja mimi. Nilitaja malezi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na mama muuza kapenta, wale samaki wadogo, kwa hiyo usinifanye tajiri. Nasema anayelipa hufuatilia. Halafu tuache kudanganyana: fimbo ni mila yetu, mababu walitulea nayo. Hizi haki za watoto zimeshuka na ndege kutoka Ulaya.

Mjukuu wa Union Minière
Hapo siwezi kunyamaza. Mila ya nani? Sikiliza neno lenyewe: kiboko. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Ngozi yake ilikatwa utepe, ikakaushwa, ikasokotwa, ikawa chikoti. Ndiyo iliyochana migongo ya watu wakati wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji na mpira wake wa kugema porini, ikaendelea baada ya Ubelgiji kuichukua nchi 1908. Nani wa hapa Lubumbashi, mwenye umri wangu, hajaona picha ya "Colonie Belge" ukutani sebuleni? Tshibumba Kanda Matulu aliichora hapahapa mjini miaka ya 1970, na wengine wakaichora pia. Mtu amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua mkono, Mzungu anasimama anatazama. Babu yangu alikuwa nayo juu ya redio. Wageni wakiuliza, alikuwa anaweka kidole kwenye yule wa chini, anasema: "Huyu ni sisi." Unataka kumlaza mtoto wa la tatu mahali pale, kisha uniambie ni mila?

Baba wa Ruashi
Leopold na mtoto wa kompa wanahusiana wapi? Kijijini kwetu mtoto mkorofi alichapwa kabla Mzungu hajavuka mto.

Dada wa komini Kenya
Ulikuwepo? Bibi yangu alizaliwa kijijini na hakuwahi kutuchapa. Ukikosea, jioni ya hadithi unakaa nje ya duara, unasikia wenzako wanacheka, hujui wanacheka nini. Mimi niliomba msamaha haraka kuliko aliyepigwa.

Mgeni wa Kigoma
Dada, ninyi Kenya si mliondoa viboko shuleni tangu 2001? Kwetu Tanzania bado vipo kwa kanuni: visizidi vinne, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Nimeona kanuni hiyo ikivunjwa kila siku. Ukiruhusu vinne, mkono hauhesabu.

Dada wa komini Kenya
Kaka, Kenya yangu ni komini, sehemu ya mji, hapa Lubumbashi, karibu na Katuba. Lakini karibu, na hilo la mkono kutohesabu ni kweli tupu.

Kijana wa Kamalondo
Hata Zambia walikataza, 2011, kwenye sheria yao ya elimu. Kutoka hapa kwenda Kasumbalesa, mpakani, hutumii hata masaa matatu, unavuka, mtoto yuleyule hapigwi.

Baba wa Ruashi
Na wanakaa wangapi darasani kule Zambia? Nitajie.

Aliyeacha la nne
Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Nilikuwa na kigugumizi. Mwalimu anauliza, jibu ninalo, mdomo unakataa kufunguka. Anahesabu hadi tatu, kisha tiyo, kile kipande cha mpira wa maji alichokificha nyuma ya kabati. Akimaliza, magoti kwenye changarawe, mikono juu, mpaka mapumziko. Changarawe inaingia ndani ya ngozi, ukisimama unaitoa moja moja kwa kucha. Siku moja nilijua jibu la swali zima, nikakaa kimya kwa makusudi, kwa sababu kupigwa kwa kutojua kuliniuma kidogo kuliko kupigwa kwa kujua. La nne sikulimaliza. Leo nafanya soudure, kuunga vyuma, najua kusoma kwa sababu mke wangu alinifundisha.

Baba wa Ruashi
Tiyo haikubaliki, hapo nakubali. Mimi nilisema rula.

Mwalimu wa N.U.
Wote mnaongea kama vile darasani kuna mwalimu aliyeshiba. Mimi ni wa N.U., nouvelles unités, wale walimu wapya ambao majina yetu yanazunguka ofisi hadi ofisi na mshahara haufiki. Bure ya 2019 niliipigia makofi. Wanafunzi wakaongezeka, prime ya wazazi ikakatazwa, falanga ya serikali kwangu haikuja. Naingia darasani saa moja na nusu bila kitu tumboni. Saa tano mtoto akiangusha sahani, nasikia hasira isiyolingana na ile sahani. Nimewahi kumpiga mtoto kofi, na usiku nikajua sikumpiga kwa kosa lake. Njaa ina mkono mwepesi. Mkitaka kuzungumzia fimbo, anzeni na mshahara.

Mama wa makala
Mwalimu, nakuelewa, na nakushukuru kwa kusema la kofi. Wengi hawasemi. Lakini mtoto wangu hawezi kungoja serikali ikulipe ndipo uache kumpiga.

Mwalimu wa N.U.
Sijasema angoje. Kwa nini kila mzazi akimsikia mwalimu analia anafikiri anatafuta ruhusa?

Mwenye sheria (Kampemba)
Tafadhali tusigombane wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu na mama mko upande mmoja.

Mwalimu wa N.U.
Upande mmoja na mtu anayelala njaa? Njoo basi tulale wote.

Mwalimu wa la tatu (Katuba)
Nimewasoma wote tangu jana. Tumefika kwa Leopold, Kigoma, Kasumbalesa, mishahara, na kila kitu kina ukweli wake. Lakini mtoto wangu wa kompa ametajwa mara chache sana.

Niwape habari yake. Leo alifika kabla ya kengele, nikamkuta ameshajaza ndoo ya darasa maji. Sikumtuma. Nilifurahi. Saa tano akampiga mtoto mwingine teke kwa sababu ya kalamu. Nilimkalisha nje kidogo ya mlango, anatuona, hashiriki, kama yule bibi wa kijijini. Baada ya dakika kumi aliomba kurudi. Aliyechomwa ndiye aliyemsogezea nafasi, akijibana ukutani. Sijui kama kesho itakuwa hivyo. Najua kwamba nikiwa na 94, dakika kumi za mmoja nimewaibia 93, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya maneno ya wale mama.

Nimewaita wote wawili kesho saa mbili, mbele ya komite ya wazazi. Naogopa watashikana. Kama kuna mzazi wa Katuba hapa, aje akae nasi.

Mama wa makala
Niko Katuba. Nikishapanga magunia nitakuja. Nitakaa katikati yao.

Aliyeacha la nne
Mwalimu, muulize yule mtoto mkiwa wawili tu. Mbele ya watu hatasema.

Baba wa Ruashi
Umeita mama wawili. Baba zao wako wapi? Waandikie nao. Mmoja akikataa kuja, nitumie kartiye, mtaa anaokaa, nitamfuata mimi mwenyewe.