Jina la Mwanakupona: asili yake ni nini, na je, linamfaa mtoto wa leo?

Mjukuu wa Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu nasema shikamoo. Ninatarajia kujifungua mtoto wa kike baada ya miezi miwili, Mungu akipenda, na ninatamani kumrithisha jina la mama yake bibi yangu, ambaye aliitwa Mwanakupona. Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, akaolewa Pangani, na tangu alipofariki hakuna mtoto hata mmoja katika ukoo wetu aliyepewa jina hilo, ingawa majina ya wazee wengine tumeyarudia mpaka katika kila nyumba kuna Fatuma wawili.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa bara, hakulikataa jina moja kwa moja, lakini ametoa hoja iliyonikaa rohoni. Anasema kwamba mwana ni mtoto, na kupona ni kutoka katika ugonjwa, kwa hiyo binti yetu ataishi akiulizwa aliugua nini. Mama mkwe naye amependekeza tumwite Shifaa. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze jina hili limetokana na nini hasa, na kama mnaona linabebeka katika zama hizi.

Mwamu wa Langoni

Dada yangu, Mungu akujaalie ujifungue salama. Shemeji yetu ameteleza kwenye neno la kwanza kabisa, wala simlaumu, kwa sababu Kiswahili cha shule kimetuzoesha kwamba mwana ni yule aliyezaliwa na mtu fulani. Katika Kiamu, Kipate na Kisiyu, mwana linapotangulia jina la mwanamke ni neno la heshima, lenye maana ya bibi au mwanamke wa daraja, na linasimama sambamba na bwana kwa wanaume. Ndiyo sababu historia ya Pate inamtaja malkia Mwana Khadija, aliyetawala katika karne ya 18, na masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa kale wa mji ule. Hakuna aliyewadhania hao kuwa watoto. Hata Unguja wazee walikuwa wakisema mwana kwa adabu walipomtaja mama mzazi, jambo ambalo linamshangaza sana mtu asikiapo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa neno lile lile moja linamwita mama na linamwita mtoto.

Kwa hiyo akina Mwanaidi, Mwanajuma na Mwanahamisi, ambao bado wamejaa Pwani, wanabeba heshima hiyo hiyo pamoja na siku waliyozaliwa, ijapokuwa wengi wao hawalijui hilo. Mwanakupona, ukilitafsiri kwa lugha ya leo, ni Bi Kupona. Jina halisi ni hilo la pili. La kwanza ni kama kilemba.

Msomaji wa Tenzi

Ninaunga mkono aliyotangulia kuyaeleza ndugu yetu wa Amu, na ningependa kulishughulikia hilo neno la pili, kwa sababu ndilo lililomtia shemeji wasiwasi. Kupona hakujafungwa kwenye homa na dawa peke yake. Sisi sote tunasema kwamba fulani ameponea chupuchupu, au ameponea kwenye tundu la sindano, na aliyeponea hivyo huenda hakuwahi kuugua hata siku moja. Ameokoka ajali, au vita, au bahari. Maana ya kusalimika imo ndani ya neno tangu zamani, na mtoto aitwaye Kupona anaitwa kwa uzima, kama vile mwingine anavyoitwa Salama. Mama mkwe anayependekeza Shifaa, pamoja na heshima zote ninazompa, anapendekeza karibu jina lile lile, isipokuwa amelichukua kwa Kiarabu.

Sasa, kuhusu aliyelifanya jina hili lijulikane. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu ambaye kwa miaka mingi alipambana na Sayyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyo akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti 102 wenye mawaidha ya maisha na ndoa, na kwa bahati njema akajitaja mwenyewe ndani ya beti zake: jina lake, jina la baba yake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa 1275 wa Hijria, ambao ndio 1858. Watunzi wengi wa wakati ule tunawakisia tu, lakini yeye ametuachia karibu cheti kamili cha kuzaliwa.

Jambo linalonigusa kila ninapousoma utendi huo ni kwamba katika beti za mwanzo anamwambia binti yake kuwa maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kumweleza neno jema. Bi Kupona alitunga akiwa mgonjwa, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba jina alipewa kwa sababu ya ugonjwa huo, na dai hilo halina mashiko, kwa kuwa jina alikuwa nalo kabla ya maradhi na binti yake alikwisha kuwa mtu wa kuusiwa mambo ya ndoa.

Sina Makuu

Naomba niseme lisilopendeza. Mimi ni Mzanzibari, mtunzi huyo namheshimu, lakini sijui kama ningependa binti yangu abebe jina ambalo kila mwalimu wa fasihi atalihusisha na ule utendi wa kumnyenyekea mume. Mle ndani imeelezwa kwamba mwanamke anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na hiyo ya mume ndiyo inayorefushwa kuliko zote. Vilevile anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tusisahau kwamba Mwana lilikuwa neno la waungwana, na kwamba ndani ya nyumba hizo hizo walikuwamo wanawake ambao hakuna aliyewaita hivyo.

Mfikirieni Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, aliyezaliwa Fumba takriban mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Hilo la Siti, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi, yaani ndilo Mwana lenyewe katika vazi jingine, alilipata ukubwani kwa sauti yake, na ndilo lililosikika alipokwenda Mumbai mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Yeye alilitolea jasho. Mwana Kupona alizaliwa nalo.

Msomaji wa Tenzi

Bi Sina Makuu, hoja yako ya waungwana naikubali bila ubishi, na nakushukuru kwa mfano wa Siti, kwa sababu ulikuwa haujanijia. Kuhusu utendi, ningeomba tukumbuke kwamba ni mama mgonjwa anayempa bintiye ujanja wa kuishi ndani ya nyumba ya mume katika mji wa mwaka 1858, na anamfundisha pia kuwa na adabu, ulimi mwema na nyumba safi, mambo ambayo yanamjengea mwanamke jina lake mwenyewe. Ila sitakulazimisha uupende. Ninachosema ni kwamba aliyezaliwa Pate na akaolewa Pangani, yaani mama yake bibi wa muuliza swali, hakuitwa kwa ajili ya utendi. Majina ya visiwani hurithiwa kwa bibi na shangazi, na mtunzi alikuwa mmoja tu kati ya waliolibeba.

Baba Mwanaidi

Mimi si mtu wa historia, lakini nina uzoefu wa makaratasi. Binti yangu wa kwanza tulimwandikisha kwa maneno mawili, Mwana Idi, kwa kudhani ndio usahihi. Afisa mmoja akachukulia kwamba Mwana ndilo jina la kwanza na Idi ni la baba, mwingine akaligeuza kuwa jina la mvulana, na mpaka tunamaliza kurekebisha tulikuwa tumeapa viapo viwili mbele ya wakili. Utendi huo mara nyingi huchapishwa kwa jina la mtunzi likiwa maneno mawili, nami sina ugomvi na vitabu, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa liandike neno moja, Mwanakupona, na uhakikishe kadi ya kliniki na ubatizo au akika, chochote mtakachofanya, vinafuata herufi hizo hizo.

Jambo jingine, chagueni mapema jina la kuitia nyumbani. Msipochagua ninyi, watoto wa jirani watachagua. Kupona lina mdundo mzuri, na Mwana peke yake huku bara litaleta tena yale mabishano ya shemeji.

Mjukuu wa Pangani

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja, hata Bi Sina Makuu aliyenifanya nilale nikifikiri. Jana nilimpigia simu bibi yangu nikamweleza habari ya neno mwana, akacheka sana, akasema kwamba mama yake alipokuwa akiitwa na mtu wa hirimu yake alikuwa anaitikia pale tu anapoitwa jina zima, na aliyemkata akaishia Kupona alikuwa anajibiwa, "Kilemba changu umekiweka wapi?" Akaniambia pia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: kwamba kabla yake walizaliwa ndugu wawili Pate, na wote wawili walifariki wachanga.

Nimemsomea mume wangu majibu yote. Amekubali jina, kwa neno moja kama alivyoshauri Baba Mwanaidi. Mama mkwe bado anasema atamwita Shifaa, nasi tumeona tumwachie.