Zamu ya jumuiya imefika kwetu na nyumbani hatuelewani: niombe turukwe?

Mama wa Ndanda
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba ushauri, hasa wa akina mama wenzangu. Jumamosi hii sala ya jumuiya ndogo ndogo itafanyika kwetu, nami natamani kumwomba mwenyekiti airuke nyumba yetu. Tangu msimu wa korosho uanze, baba watoto hasemi na mtoto wetu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne, kwa sababu kijana huyo alichota korosho zilizoanikwa uani akaziuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa magendo nje ya mnada, ilhali baba yake ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima na ndiye anayewasihi wanakijiji wasubiri mnada. Sala ya jioni imekufa: baba analala shambani kulinda korosho, kijana anajifanya amelala, nami nasali na wadogo huku nikiwakaripia kwa kusinzia. Wenzangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, hutuita familia ya mfano. Je, si unafiki kutandika kitambaa cheupe na kuwasha mishumaa katika nyumba ya namna hii?

Bibi wa Nyangao
Milele amina, mwanangu. Zamu ya jumuiya haitolewi kwa familia zilizofaulu. Ingekuwa hivyo, huku Nyangao tungekosa pa kusalia. Soma Luka, sura ya pili: Yosefu na Maria walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani, wakaja kumwona hekaluni baada ya siku tatu, na alipowajibu hawakuelewa alichowaambia. Hao ndio tunaowaita Familia Takatifu. Nadhani hilo jina la familia ya mfano linakutesa kuliko kangomba yenyewe. Na wadogo waache wasinzie; Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zinatosha hadi korosho ziishe.

Mwalimu, Newala
Shikamoo Bibi. Natofautiana nawe kidogo. Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Kijana akimwona baba asiyemsemesha akiongoza wimbo mbele ya majirani, atajifunza kwamba dini ni ya kuonesha wageni, na somo hilo halifutiki upesi. Mimi ningeahirisha. Tena, Mama, hukutuambia fedha zilikwenda wapi. Vijana wengi huuza kangomba kwa kuwa malipo ya mnada huchukua muda nao wana shida ya leo; kosa linabaki kosa, lakini mzazi anapaswa kujua anaadhibu nini.

Baba Wawili
Mwalimu, aya hiyohiyo inaendelea: akishapatana, arudi aitoe sadaka yake. Sadaka haikufutwa. Ukiahirisha bila mtu kuzungumza na mwenzake, zamu ijayo itawakuta palepale. Mama, mfuate mzee shambani kabla ya Jumamosi, peke yako, umkumbushe pia Waefeso 6:4, kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao. Usimtetee kijana, omba tu amsalimie. Najua aibu ya mjumbe wa bodi ambaye korosho zake zimepita kwa kangomba, maana kijijini hakuna anayeuliza aliyeuza ni nani. Zaidi ya yote, mwombe mwenyekiti mapema kwamba wakati wa kutaja nia za maombi mtu yeyote asimtaje kijana. Watu wetu wana tabia ya kuombea kwa sauti yale waliyoyasikia kisimani.

Mama wa Ndanda
Ahsanteni sana. Mwalimu, nimemuuliza: alilipa deni la simu, kwa hiyo hakuna la kumtetea. Atarudisha kiasi hicho kwa kuokota mabibo na kuyatenganisha na korosho katika shamba la mjomba wake, na amekubali, ingawa kwa kununa. Kesho nampelekea baba ugali na kisamvu, nitazungumza naye. Zamu inabaki Jumamosi. Mwenyekiti nimeshamweleza kuhusu nia. Ameniambia nyumba iliyotangulia nayo ilimwomba hivyohivyo.