Fundi kipofu: napataje mteremko wa tailizi bafuni?

Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri kwa mafundi mliomo humu. Mimi ni fundi nyumba hapa Mtwara, macho yaliisha yote 2019 kwa presha ya macho ila kazi sijaacha, plasta napiga, bati naezeka, ingawa shemeji yenu nikipanda ngazi hapo nyumbani hapakaliki.

Sasa hivi nakarabati nyumba ya marehemu bibi kule Mikindani, zile za zamani za mawe na chokaa. Ukuta sina shida nao, kuna mtu alishaupiga plasta ya simenti, ukipapasa kwa chini unasikia imetuna na unga wa chumvi unabaki mkononi, kwa hiyo nabandua yote narudishia chokaa maana ukuta ule unataka kupumua.

Shida ni sakafu ya bafu. Levo huwa napata kwa mpira wa maji, kidole naweka mdomoni mwa mpira, maji yakigusa kidole basi hapo napiga msumari. Lakini mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji ndo unanitesa, pima maji lenye povu halinisaidii na programu ya simu inayosoma digrii kwa sauti inarukaruka, mara inasema digrii moja, mara inasema tatu. Nimewaza nichonge kibao kirefu upande mmoja kinene, nikiweke chini ya rula nifuate hicho. Mita moja nishushe sentimita ngapi, moja au mbili? Na bafu la futi tano kwa sita nianzie kupanga tunduni au mlangoni?

Tafadhali msiniambie nitafute kijana, kijana ninaye, ndo aliyeharibu la kwanza.